Kumtafuta babu aliyepigania Konfederasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi kwetu Tanga, nimeolewa Georgia, na ukoo wa mume wangu umekaa huku Kusini tangu kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Nilianza kufukua habari hizi siku mwanangu mkubwa alipopewa kazi ya shule achore mti wa ukoo. Upande wangu tulimaliza kwa simu moja na bibi, upande wa baba yake tukakwama kwenye picha ya mzee mwenye ndevu ukutani kwa baba mkwe, "huyu alikuwa kapteni wa Kusini", basi, hamna zaidi. Tangu hapo mawifi wananiuliza, Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku wananiuliza, na majirani weusi wa hapa hapa ambao kwenye ukoo wao yumo mzungu asiyetajwa nao wananiuliza. Haya ndo yanayorudi rudi.

## Ya mwanzo kabisa

1. Konfederasi ndo nini, na nitajuaje kama babu alikuwa upande huo?

Ni majimbo 11 ya Kusini yaliyojitoa Marekani kati ya Desemba 1860 na katikati ya 1861 yakaunda serikali yao: South Carolina, Mississippi, Florida, Alabama, Georgia, Louisiana, Texas, Virginia, Arkansas, North Carolina na Tennessee. Vita ilianza tarehe 12 Aprili 1861 pale Fort Sumter, ikaja kuisha vipande vipande mwaka 1865, Jenerali Lee wa Kusini alisalimu amri Appomattox tarehe 9 Aprili, Johnston karibu na Durham tarehe 26 Aprili, na jenerali wa mwisho kabisa alikuwa Stand Watie, Mcherokee, tarehe 23 Juni. Kwanini walijitoa waliandika wenyewe, tamko la Mississippi linasema mwanzoni kabisa kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Nalisema hili mapema kwasababu utakutana na ndugu watakaokwambia ilikuwa habari ya kodi.

Kama babu alikuwa mwanaume mweupe, amezaliwa kati ya 1812 na 1848 hivi, na 1861 alikuwa anaishi kwenye majimbo hayo, kuna uwezekano mkubwa alivaa ile sare. Sheria ya kuandikisha watu kwa lazima ilitoka Aprili 1862 kwa wa miaka 18 hadi 35, Septemba wakaipandisha mpaka 45, Februari 1864 ikawa 17 hadi 50. Kentucky, Missouri na Maryland zilibaki kwenye Muungano, yaani upande wa serikali ya Marekani, lakini watu wake walipigana pande zote mbili, kwahiyo huko usidhanie kitu mpaka uone karatasi.

2. Nina jina tu na jimbo. Naanzia wapi?

Usianzie jeshini. Karibu kila mtu anakimbilia kuandika jina kwenye saiti ya wanajeshi, anapata watu arobaini, anachagua mmoja aliyempenda, na hapo kashapotea.

Anza na wewe mwenyewe au watoto wako na urudi nyuma kizazi kimoja kimoja kwa sensa. Marekani sensa inafungwa miaka 72, kwahiyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950. Toka hapo nenda 1940, 1930, 1920, 1910, 1900, ruka 1890 maana karibu yote ilipotea kwa moto wa Washington wa 1921, alafu 1880, 1870, 1860. Mtu aliyezaliwa 1840, watoto wetu wa leo kwake ni vilembwekeza au vining'ina, kwahiyo ni hatua tano au sita, sio nyingi kivile. Kila hatua shika vitu vitatu: umri, jimbo alilozaliwa, na majina ya watoto. Hivo ndo vitakavyokulinda usije ukamfuata babu wa watu wengine.

Unachokitafuta mwisho wa safari ni kaunti aliyoishi mwaka 1860. Vikosi viliundwa kienyeji, mtu mwenye jina pale mjini anasimama mbele ya mahakama, anakusanya vijana kama mia wa kaunti hiyo hiyo, mtu na kaka yake, shemeji yake, jirani wa shamba la pili, hiyo inakuwa kombania. Kombania kumi zinakuwa rejimenti, zinapewa herufi A mpaka K bila J. Ukishajua kaunti unaweza kujua kombania zipi zilitoka pale, na wale watu arobaini wanabaki wawili au mmoja. Na angalia mipaka, kuna kaunti zimegawanywa baadaye, na West Virginia yenyewe ilizaliwa Juni 1863 ikiwa imekatwa toka Virginia.

3. Familia inasema alikuwa kapteni, wengine kanali. Niamini?

Iheshimu hadithi, iandike neno kwa neno na nani alikwambia, ila usiijenge nyumba juu yake. Vyeo vingi vya kwenye picha vilikuja baada ya vita, wazee walikuwa wanaitana kanali na kapteni kwa heshima tu, na vyama vya maveterani vilikuwa na vyeo vyao. Wa kwetu kwenye karatasi alikuwa askari wa kawaida kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Baba mkwe alinyamaza kidogo, akaniambia "soma tena", nikasoma tena.

4. Lazima nilipie?

Sehemu kubwa hapana. FamilySearch, saiti ya kutafuta ukoo, ni bure, unafungua akaunti tu. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani (National Park Service) ina saiti ya majina ya askari na mabaharia wa vita ile, pande zote mbili, majina kama milioni 6.3, bure, ingawa inakupa jina, cheo na kikosi tu. Faili lenyewe ukitaka kulisoma kwenye kompyuta liko Fold3, saiti ya karatasi za jeshi, hiyo inalipiwa, lakini maktaba nyingi za umma zina akaunti ya Fold3 au Ancestry, unaenda na kadi yako ya maktaba na flashi, unapakua unachotaka. Unaweza pia kuagiza nakala National Archives, hifadhi ya nyaraka ya serikali kuu. Magazeti ya zamani yapo bure kwenye Chronicling America ya Maktaba ya Bunge.

Kabla hujalipa popote piga simu kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Georgia iko Morrow, Alabama iko Montgomery, Tennessee Nashville, Virginia Richmond, Texas Austin, North Carolina Raleigh. Wakutubi wa pale ni watu wa msaada sana, ongea nao vizuri na uwe na kaunti mkononi.

## Karatasi za jeshi

5. Faili la askari lina nini ndani?

Baada ya vita karatasi za Konfederasi zilizonusurika zilipelekwa Washington, na kuanzia 1903 makarani wa Wizara ya Vita wakaanza kuzinakili. Kila jina lilipotokea kwenye orodha ya mahudhurio, daftari la hospitali au la gereza, waliandika kadi moja, kadi zote za mtu mmoja kwenye kikosi kimoja zikawekwa bahasha moja. Kwahiyo unachosoma kwa sehemu kubwa ni nakala ya karani, na kama babu alihama kikosi ana bahasha mbili, usiishie kwenye ya kwanza.

Kadi itakwambia jina, cheo, kombania, siku na mahali alipojiandikisha, aliandikishwa na nani, kwa muda gani, lini alilipwa mara ya mwisho, na kama alikuwepo siku ya kuhesabiwa. Kule nyuma ya kadi saa ingine zimewekwa karatasi halisi za wakati ule, na hizo ndo zinazokukamata. Kwenye faili letu kuna karatasi ya Vicksburg ya Julai 1863. Mji ulianguka tarehe 4 na Wakonfederasi kama 29,000 waliachiwa kwa kiapo kwamba hawatashika silaha mpaka wabadilishwe na mateka wa upande wa pili, kila mmoja na karatasi yake. Ya kwetu ina jina lililoandikwa na mkono wa mtu mwingine, na katikati ya jina la kwanza na la ukoo kuna alama ya X, kubwa, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, wino umevuja palipobonyezwa sana. Hakujua kuandika. Karatasi inayofuata ni risiti ya viatu, X ile ile.

6. Majina yanafanana, wako sita. Yupi wangu?

Kaunti kwanza (swali la 2). Alafu waangalie walio naye kwenye kombania, chukua orodha nzima sio jina lake peke yake, ukikuta ukoo wa mke wake na majirani wa sensa ya 1860 wamo, ndo yeye. Alafu pensheni (swali la 11), maana kule anataja mwenyewe kikosi na mashahidi. Kama hivo vitatu havikubaliani, kaa bila jibu. Ni bora mti wako uwe na nafasi tupu kuliko kumpa mwanao babu wa kubandika.

7. Simuoni kabisa. Ina maana hakupigana?

Sio lazima. Anza na tahajia, karani aliandika alichosikia, Hughes inakuwa Hews, na wengi wameandikwa kwa herufi za kwanza tu, jaribu J. W. badala ya jina zima. Pili, wapo waliokuwa kwenye jeshi la akiba la jimbo au walinzi wa nyumbani, hao wengi hawamo Washington, karatasi zao ziko kwenye hifadhi ya jimbo. Tatu, karatasi zenyewe nyingi hazipo, serikali ilipoikimbia Richmond mwanzoni mwa Aprili 1865 mji ulishika moto, na zilizosalimika nyingi tunazo kwasababu Samuel Cooper, mkuu wa utawala wa jeshi, alizisafirisha hadi Charlotte akazikabidhi kwa jeshi la Muungano badala ya kuzichoma. Nne, kuna karatasi zilizolegea ambazo makarani hawakuweza kuziunganisha na faili lolote, nazo zimewekwa pamoja kwa alfabeti ya majina, watu wengi hawajui wanaziruka.

Na inawezekana kweli hakwenda. Sheria ilisamehe wasaga nafaka, wahunzi, walimu, watu wa reli na wengine, na toka Oktoba 1862 ikasamehe mtu mweupe mmoja kwenye kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi, hilo liliwauma sana maskini waliobaki mstari wa mbele. Wengine walikuwa upande wa Muungano moyoni, wakajificha milimani. Hao watafute kwenye tume ya madai ya watu wa Kusini waliodai kuwa watiifu, ilifanya kazi 1871 hadi 1880, madai zaidi ya 22,000, na mule kuna ushahidi mrefu wa majirani, weusi na weupe, unasoma mpaka usiku unakuisha.

8. Kadi imeandikwa "Absent" kila mahali. Alitoroka?

Soma neno linalofuata. "Absent sick" ni mgonjwa, na hiyo ndo ya kawaida, maana kwenye vita ile magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi, kuhara, surua, taifodi. "Absent on furlough" kapewa likizo. "Absent on detail" katumwa kazi nyingine, labda kutengeneza viatu au kuchunga farasi. "AWOL" au "absent without leave" ndo kaondoka bila ruhusa, na "deserted" ndo mtoro rasmi.

Hata utoro usome na kalenda pembeni. Wa kwetu baada ya kiapo cha Vicksburg alirudishwa kikosini, alafu mwishoni mwa 1864 anaonekana kaondoka bila ruhusa. Novemba ile Sherman, jenerali wa Muungano, alikuwa anapita Georgia na jeshi lake kwenda baharini, na nyumbani kulikuwa na mke na watoto wawili. Sisemi ndo sababu, hakuandika, hakujua kuandika. Nasema tarehe zinakaa hivo.

9. Alitekwa. Nitajuaje alipofungwa na kama alifia huko?

Kadi za mateka zinataja alipokamatwa na alipopelekwa. Majina utakayoyaona sana ni Point Lookout Maryland, Camp Douglas Chicago, Fort Delaware, Rock Island Illinois, Johnson's Island Ohio ambako walikaa zaidi maofisa, na Elmira New York.

Elmira nataka nikae kidogo. Walipita wafungwa kama 12,000 ndani ya mwaka mmoja, karibu 3,000 wakafa, na aliyewazika ni John W. Jones, mtu mweusi aliyetoroka utumwa Virginia akafika Elmira akawa mtunza makaburi. Aliandika jina na kikosi cha kila mmoja kwa uangalifu, kwahiyo makaburi ya pale yanajulikana ya nani kuliko sehemu nyingi. Kama babu yenu alifia Elmira mkampata na jina lake, mjue ni kwa mkono wa huyo mtu, na kwenye mti wenu muandikeni.

10. Jina lake lipo Konfederasi na lipo Muungano. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Wapo waliotoka gerezani kwa kukubali kujiunga na jeshi la Muungano, waliundiwa rejimenti sita wakapelekwa magharibi kulinda njia na ngome, mbali na vita ya kwao. Wapo pia waliotoroka wakajiunga. Binti wa askari mmoja wa North Carolina aliyefanya hivo alikuwa anapokea pensheni ya serikali kuu, dola 73.13 kwa mwezi, mpaka alipofariki mwaka 2020. Baba mzee, binti wa mwisho, ndo vita ya 1865 ikalipwa mpaka juzi.

## Baada ya vita

11. Pensheni yake naitafuta wapi? National Archives wamesema hawana.

Ni kweli hawana. Serikali kuu iliwalipa askari wa Muungano, wa Konfederasi walilipwa na majimbo, na hapa ndo watu wanakosea: unaitafuta kwenye jimbo alilokuwa anaishi alipozeeka, sio alikopigania. Mtu wa Georgia aliyehamia Texas aliomba Texas. Mbali na yale 11, Kentucky, Missouri na Oklahoma nazo zililipa. Hazikuanza pamoja, mwanzoni yalikuwa mambo ya miguu na mikono ya bandia kwa waliokatwa, pensheni zenyewe zikaja baadaye, Tennessee 1891, Texas 1899, Oklahoma 1915. Kwahiyo aliyefariki 1875 hana faili, lakini mjane wake anaweza kuwa nalo, mtafute kwa jina la mjane.

Ukilipata lisome lote. Anaeleza kikosi, majeraha, mali aliyonayo mpaka idadi ya ng'ombe, lini alioa, na mashahidi wanaapa kwamba walikuwa naye. Kumbuka ni maombi ya hela yaliyoandikwa miaka 30 au 40 baadaye na jimbo liliwanyima watoro, kwahiyo pale anaposema alikuwa kazini mpaka mwisho linganisha na kadi. Tennessee pia iliwatumia maveterani maswali marefu, 1914 hadi 1922, wakawauliza hata baba alikuwa na watumwa wangapi na nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Alabama iliwahesabu maveterani 1907 na 1921. Na sensa ya taifa ya 1910 ina safu inayoonyesha "CA" kwa aliyekuwa jeshi la Konfederasi, ipo karibu na mwisho kulia, watu hawafiki huko.

12. Kuna karatasi za kuomba msamaha?

Zipo. Rais Andrew Johnson alitoa msamaha wa jumla tarehe 29 Mei 1865 lakini akatoa makundi 14 nje, mmojawapo wenye mali ya zaidi ya dola 20,000. Hao walitakiwa kumuandikia wenyewe, na barua zao zimehifadhiwa. Kama babu alikuwa tajiri au ofisa mkubwa mtafute humo. Askari wa kawaida asiye na kitu hayumo.

13. Kaburi?

Find a Grave, saiti ya makaburi, alafu nenda mwenyewe ukiweza. Jiwe la serikali la askari wa Konfederasi lina ncha juu, la Muungano limepinda mviringo, utalitambua kwa mbali. Jiwe sio ushahidi tosha, mengi yaliwekwa miaka ya 1900 na vyama vya wajukuu kutokana na hadithi za familia (swali la 3).

## Watu waliokuwa chini yake

14. Nitajuaje kama alimiliki watumwa? Ndugu wanasema "sisi tulikuwa maskini".

Usibishane, fungua sensa ya 1850 na 1860, kuna jedwali la pekee la watumwa kwa kila kaunti. Tafuta jina lake, la baba yake, la baba wa mke wake, maana askari wengi walikuwa vijana wa miaka 20 na mali ilikuwa bado kwa mzee. Mississippi na South Carolina karibu nusu ya familia zilikuwa na watumwa, sehemu za milimani ni wachache. Na usiishie kwenye jedwali, angalia mirathi na wosia kwenye mahakama ya kaunti, na pia wapo waliokodi watu wa wengine.

Sasa nikwambie jedwali lenyewe lilivyo. Jina la mwenye mali liko kushoto. Chini yake mistari, kila mstari mtu, na hakuna jina. Umri, jinsia, rangi. Baba wa askari wetu ana mistari mitatu: 32, mwanamke, mweusi. 11, mwanaume, chotara. 4, mwanamke, mweusi. Nilikuwa nimekaa mezani usiku watoto wamelala, wa kwangu wa pili alikuwa na miaka minne. Nilifunga kompyuta nikaenda kumuangalia.

Mwaka ule 1860 waliokuwa watumwa Marekani nzima walikuwa 3,953,760. Ukimchora askari kwenye mti ukawaacha hao mistari mitatu, umechora nusu ya nyumba. Huo ndo msimamo wangu, na nimegombana nao na wifi mmoja mpaka tukapatana.

15. Hao wasio na majina nitawapataje?

Sensa ya 1870 ndo ya kwanza kuwaandika kwa majina. Nenda kaunti ile ile, soma kurasa zote zilizo karibu na shamba, mlango kwa mlango, tafuta watu weusi wenye umri ule ukiongeza 10. Wengine walichukua jina la ukoo la aliyewamiliki, wengi hawakuchukua, kwahiyo usitafute kwa jina la ukoo peke yake. Alafu wosia na orodha za mirathi za kabla ya 1865, kule majina ya kwanza yapo kwasababu yaliandikwa pamoja na bei, jiandae moyo. Alafu karatasi za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kuwasaidia walioachiwa huru, mikataba ya kazi ya 1865 na 1866, nyingi zipo FamilySearch, na daftari za benki ya Freedman's, ya watu hao hao, ambako mtu alitaja mama, baba na ndugu waliouzwa mbali.

Sisi nyumba ya tatu toka shamba tulikuta mwanamke wa miaka 42, kijana wa 21 na msichana wa 14. Jina la ukoo ni jingine. Nimeweka "huenda" mbele, na limebaki "huenda" mpaka ilipofika habari ya swali la 18.

16. Nimeona picha ya mtu mweusi na sare ya Konfederasi. Walikuwepo askari weusi?

Wengi wa kwenye picha hizo ni watumwa waliopelekwa vitani na mabwana zao kupika, kufua, kuchimba mahandaki, kubeba majeruhi. Sheria ya kuwaandikisha weusi kama askari ilipita Machi 1865, wiki chache kabla ya mwisho. Kama babu yako ni mmoja wao anaweza kuwa na faili: Mississippi iliwaruhusu watumishi kuomba pensheni tangu 1888, Tennessee 1921. Kwenye fomu anatajwa aliyemmiliki na kikosi cha huyo mtu, kwahiyo kwa familia nyeusi ni karatasi ya thamani sana, inavuka ule ukuta wa 1870. Ichukue, ila usikubali mtu aitumie kusema alipigania utumwa wake mwenyewe kwa hiari.

## Maswali ya pembeni

17. Hii vita ina uhusiano wowote na kwetu?

Upo, na ulikuwa umevaliwa mwilini. Merikani, lile shuka la pamba lisilopaushwa, lilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, likapakiwa kwenye meli za Salem mpaka Unguja, likapanda bara na misafara likitumika kama hela. Vita ilipoanza pamba ikakatika, merikani ikaadimika, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua soko. Bibi yangu alikuwa bado anaita kitambaa hicho merikani. Nilipomsimulia pamba ilikotoka aliinyamazia, alafu akauliza wale watu walilipwa nini.

18. Nimepima DNA, ndugu weusi wa kaunti ile wametokea. Nifanyeje?

Kwanza elewa kipimo kinasema nini. Kinasema nyie wawili mna mzee mmoja huko nyuma, hakisemi ni nani wala ilikuwaje. Babu wa babu yako anakupa kama asilimia 6 tu ya damu, anayemzidi asilimia 3, kwahiyo pimisha wazee walio hai kwanza, wao wako karibu zaidi. Baba mkwe alikubali kupima. Yule kijana wa 11 aliyeandikwa chotara, ukoo wa waliotokana naye ndo uliojitokeza, na pale ndo "huenda" yangu ikapata miguu.

Unapowaandikia, andika kifupi. Jitambulishe, sema kaunti na mwaka, sema una karatasi zipi, na uwatumie nakala hapo hapo bila kusubiri waombe, maana karatasi za watu wao ziko kwenye faili za watu wako na wao wamezitafuta miaka mingi. Usianze na "babu alikuwa mtu mzuri". Usiombe msamaha kwa aya tatu wakaishia wao kukubembeleza wewe. Usiulize maswali ya yule mama wa miaka 32 kana kwamba ni kisa, alikuwa mali kisheria, hakuwa na namna ya kukataa. Mtu asipojibu muache, tuma mara moja tu, na nakala uwe umeshamtumia.

Sisi tulijibiwa baada ya miezi saba, na mama mmoja mtu mzima. Alituma picha ya ukurasa wa Biblia ya familia yao wenye majina ya wale wawili na mama yao. Tuliomba ruhusa kuyaandika kwenye mti wetu, akasema yaandike yote matatu, na yaandikwe kwa tahajia ya Biblia yake, sio ya sensa.